Vitu vya kuchezea vya paka wa mama mkwe

Mama mkwe alitufikia Kolwezi kutoka Kasai baada ya baba mkwe kufariki, mkono na mguu wake wa kushoto ikiwa imepooza. Mume wangu alikuwa karani mgodini na tulikaa katika nyumba ya kampuni, vyumba viwili na jiko nyuma. Kimoja tukampa mama. Mimi ndiye niliyemwogesha, nikamlisha na kumgeuza kitandani.

Panya walipoanza kutoboa magunia ya unga, mume wangu alileta paka dume wa kijivu, bado mdogo. Nje hatukumruhusu. Majirani walifuga mbwa wakali, na wengine walimwaga sumu ya panya kila mahali. Kwa hiyo alishinda ndani na mama mkwe, na kukaa bure kukamharibu. Alipasua mapazia, akawa anarukia miguu ya mgonjwa kila iliposogea chini ya shuka. Mama mkwe akaniagiza nimtafutie vitu vya kuchezea. Alisema nafasi ninayo, kwa kuwa sina mtoto wa kunishughulisha.

Aliyasema hayo huku akinywa uji nilioushika mimi. Binti yangu alikuwa amekufa mwanzoni mwa mvua za mwaka ule ule, kabla hata hajajua kucheka.

Nikaanza kutafuta. Kifuniko cha chupa ya bia kilimfurahisha asubuhi moja, kikaingia chini ya kabati na paka akakisahau. Manyoya ya kuku niliyoyafunga pamoja aliyatafuna, akayatapika kwenye mkeka. Kibiringo cha uzi alikinusa tu. Mwishowe nilichukua gunzi la mahindi, nikalifunga kamba na kulining'iniza kwenye mguu wa kiti, likigusa sakafu kidogo. Hilo alilipenda. Alilipiga, akaliviringisha, akalala amelikumbatia. Mapazia yakapona. Nilifurahi, nikamwonyesha mama mkwe.

Alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema gunzi linapiga kelele. Akataka kitu laini. Nikamfumia paka mpira mdogo wa sufu. Mama mkwe akausukuma kwa mkono wake mzima, ukaanguka chini, akasema si huo.

"Leta ile soksi ya mutoto," akaniambia.

Soksi hiyo ilikuwa ya buluu, nilikuwa nimeifuma mwenyewe nikiwa na mimba. Ya pili yake ilipotelea hospitali. Niliiweka chini ya nguo zangu, na sikujua kwamba yeye anajua ilipo. Nikamwambia paka ameshapata gunzi lake na ameridhika.

"Paka anaomba kucheza," akasema taratibu, kama anayeomba chumvi. "Yule wako, hata kunyonya ilimushinda."

Nilitoka kwenda kufua. Jioni nilimweleza mume wangu yote. Alisikiliza akiwa anavua viatu, akasema mama ni mgonjwa, na maneno ya mgonjwa hayapimwi. Nikamwuliza kama binti yetu naye alikuwa maneno tu. Akasukuma viatu chini ya kitanda.

Siku iliyofuata niliporudi kutoka sokoni, paka alikuwa juu ya kitanda cha mama mkwe na soksi mdomoni. Kisigino kilikuwa kimeshafumuka, nyuzi za buluu zimetapakaa kwenye shuka. Mwanamke asiyeweza kufika chooni peke yake hangeweza kuifikia kabatini. Nikageuka. Mume wangu alikuwa mlangoni, amerudi mapema, macho yake chini.

"Aliniomba," akasema. "Ni mama yangu. Ulitaka nifanye nini?"

Mama mkwe alikuwa ananitazama mimi, si paka. Nikamnyang'anya paka soksi, akanikwaruza kiganja. Nikasimama mbele ya kitanda.

"Mama, kama ni mi unatafuta, mi niko hapa. Muache mutoto."

"Mutoto gani?" akauliza.

Asubuhi nilipanda treni ya kwenda Mutshatsha, nikaenda kwa mama yangu mzazi. Hakuniuliza mengi. Alinipa jembe, tukalima mihogo pamoja, na kwa mara ya kwanza nililia mahali ambapo hakuna aliyenikataza.

Mume wangu alinifuata mihogo ikiwa imeanza kuota majani. Alikuwa amekonda. Alisema dada zake wamekuja kwa zamu na kila mmoja amekimbia, na mama ana vidonda mgongoni. Nikamwuliza habari za paka. Akasema mmoja wa dada zake aliacha mlango wazi, mbwa wakamuua uani. Nikauliza mama alisema nini. Akasema mama aliwasikia mbwa na paka wote kupitia dirisha, akaomba tu arudishiwe sahani yake mwenyewe ya chakula.

Nilirudi. Wakati ule, kwa mwanamke kama mimi, kurudi ndiko kulikoitwa heshima, na mama yangu naye alikuwa amechoka kuulizwa na watu kwa nini niko kwake. Nilipoingia chumbani na beseni la maji ya moto, mama mkwe aliinua mkono wake mzima ili nimwoshe kwapa.

"Ulikawia," akasema.

Nikamwosha, nikisugua kuzunguka vidonda. Hakumtaja tena mtu yeyote aliyekufa, na mimi sikumtazama tena usoni. Tuliishi hivyo mpaka alipofariki. Msibani, wanawake wa mtaa walinisifu mbele ya ndugu wote wa Kasai, wakawaambia mabinti wa marehemu waniige. Mume wangu alikuwa karibu nami. Alinyoosha mkono anishike bega, nami nikasogea kuchukua sahani za wageni.