Vitambaa Nilivyofunga Kwenye Mikorosho

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea kibarazani kwetu Kitangari, na kazi inayonilisha zaidi ni sare za shule. Mume wangu ni mkulima, na shamba tunalolima lina mikorosho ambayo mama mkwe alinigawia mimi nilipojifungua mtoto wa kwanza. Alisema mbele ya wanawe wote kwamba mikorosho ile ni ya mkamwana wake. Nalitaja hili mapema kwa sababu baadaye kuna watu walijaribu kulisahau.

Ubishi ulianzia kwenye salfa. Mkorosho ukichipua na kutoa maua hushikwa na ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaokausha maua kabla hayajafunga korosho, na sisi tunaupulizia salfa. Ukiwahi mno, dawa inaishia kwenye majani ya zamani. Ukichelewa, unapulizia maua yaliyokwisha kufa. Nilipoolewa, wakati wake haukuwa na utata. Mvua zinakatika, baridi inaingia, mikorosho inachipua, watu wanatoa mabomba yao. Lakini miaka hii mvua zinakatika halafu zinarudi, baridi inachelewa, na mkorosho mmoja unaweza kuwa na maua upande wa mashariki huku upande mwingine umelala.

Siku hiyo shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa amekaa kibarazani akisubiri suruali yake. Akasema mwaka uliopita maua yalitoka kabla ya Idi ya kuchinja. Mume wangu akasema hapana, Idi ilikuwa imeshapita, nyama yake imeshasahaulika. Walibishana mpaka suruali ikaisha. Mimi nilikuwa nakanyaga cherehani na kuwaza kwamba Idi yenyewe haikai mahali pamoja. Kila mwaka inawahi kuliko mwaka uliotangulia. Unawezaje kupima kitu kinachohama kwa kitu kingine kinachohama?

Chini ya meza yangu kulikuwa na mfuko wa mabaki ya vitambaa. Nikaamua rangi. Nyeupe ya mashati iwe Mei, bluu ya sketi iwe Juni, kaki ya kaptula iwe Julai, na nyekundu ya magauni ya chekechea iwe Agosti. Nilichagua mikorosho michache, mingine kwenye mteremko na mingine tambarare. Kila mmoja ulipofungua ua la kwanza, nilifunga kitambaa cha mwezi ule kwenye tawi lake. Mwaka uliofuata nilifunga kingine pembeni ya kile cha zamani, kuelekea nchani. Hivyo mtu akisimama chini ya tawi anasoma miaka kutoka shinani kwenda nje.

Mwaka wa kwanza hakuna aliyejali. Wa pili walicheka. Kufikia wa nne, baadhi ya matawi yalikuwa na bluu, bluu, kaki, nyekundu, na ya kule mteremkoni yalikuwa na bluu, nyeupe, kaki, bluu, hayana mpango wowote. Nilikuwa nasimama chini yake nikiyasoma upya. Nilikuwa nimedhani nitaona mabadiliko yanayokwenda upande mmoja, nijipange. Kumbe mti wenyewe ulikuwa haujui tena mwaka unaanza wapi.

Mwaka huohuo wa nne ubwiri unga ulimwingia vibaya jirani yetu, mwanamke wa rika langu ambaye shamba lake limepakana na letu. Maua yake yalikauka yote, yakawa meusi. Yangu yalipona kiasi, kwa sababu nilikataa kupuliza pale kijiji kizima kilipopuliza. Nilisubiri mpaka nilipofunga kitambaa cha kwanza. Jirani alisimama mpakani akitazama vile vitambaa vyangu vyekundu na vyeupe vikipepea, na akasema kwa sauti ya juu, ili nisikie, kwamba sasa anajua maua yake yamekwenda wapi.

Neno kama hilo huku kwetu halichezewi. Kitambaa chekundu na cheupe juu ya mti kina maana yake, na si maana ya fundi cherehani. Kisimani wanawake walianza kunipisha, si kwa heshima. Mteja mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata, akasema mtoto ameahirisha shule.

Shemeji alikuja kuzungumza na mume wangu, si na mimi, ingawa nilikuwa nimekaa hapohapo.

"Mwambie mkeo avitoe," alisema. "Jina linalochafuka ni la ukoo."

Mume wangu ni mtu asiyependa maneno mengi. Alinitazama, akatazama chini. "Mama watoto," akasema, "si uvitoe tu, yaishe?"

"Nikivitoa nitakuwa nimekubali," nilimjibu. "Watasema mmeona, kavitoa mwenyewe."

"Na ile mikorosho ni ya mama yetu," shemeji akaongeza.

"Ilikuwa yake. Alinipa na wewe ulikuwepo, shemeji. Ulikuwa umebeba kikombe cha chai."

Wiki ileile mwenyekiti wa kitongoji akaniita.

Tulikaa nyumbani kwake mchana, wazee kwenye viti, wanawake kwenye mkeka, na jirani yangu mbele kabisa. Nilimwamkia kila aliyenizidi umri, shikamoo baada ya shikamoo, na nilisubiri kila marahaba hata zile zilizochelewa. Mwenyekiti alisema kwa upole kwamba hakuna anayenituhumu, ila kwa ajili ya amani nivifungue vile vitambaa, nivichome moto mbele ya watu.

"Sifungui, Mwenyekiti," nilisema.

Watu wakaguna. Akaniuliza kama nimeelewa ninachojibu.

"Nimeelewa. Ningekuwa nimefunga kwa ubaya ningefunga usiku, mahali pa siri. Nimefunga mchana kando ya njia, kwa mabaki ya sare za watoto wenu. Anayetaka kujua vinasema nini, shamba si mbali. Twendeni sasa hivi."

Sikuwa jasiri kama maneno hayo yanavyosikika. Lakini nilishasimama, na mtu aliyesimama hana budi kutembea. Mwenyekiti akafuata, na wengine nyuma yake, labda wakidhani wataona hirizi.

Niliwasimamisha chini ya mkorosho mmoja nikawasomea tawi. Mwaka wa kwanza huu, Juni. Huu Juni tena. Huu Julai. Huu Agosti. Mzee mmoja akasema mwaka wa Julai anaukumbuka, ndio mwaka mbaazi zake zilinyeshewa zikiwa zimekomaa. Mwingine akambishia. Wakaanza kubishana wao kwa wao juu ya mvua, na kwa muda wakasahau kwamba mimi ni mchawi. Jirani yangu hakubishana na mtu. Alisema, "Maneno ni maneno. Maua yangu hayarudi," akaondoka. Hilo lilikuwa kweli. Mwenyekiti akasema atafikiri. Hakuniambia nifungue, wala hakuniambia nisifungue.

Baada ya siku chache nilikwenda shamba asubuhi nikakuta vitambaa vyote chini. Aliyevikata alitumia kisu kikali, alipita mti kwa mti bila haraka. Vilikuwa vimekanyagwa kwenye mchanga mwekundu, bluu na kaki vikiwa havitofautiani tena. Nilikaa chini nikalia. Sikulilia vitambaa, nililia miaka. Ile miaka haikuwa imeandikwa mahali pengine popote, na nilikuwa nimeanza kuiamini kuliko kumbukumbu yangu mwenyewe.

Mume wangu alinikuta hapo. Hakusema nyamaza. Alivuta tawi chini karibu na uso wake, akaliangalia, akaniita.

"Njoo uone. Amekata mikia tu."

Mafundo yalikuwa yamebaki. Nilikuwa nimeyakaza kama fundi, na aliyekata hakuwa na subira ya kuyachimbua kwenye gome. Bluu, bluu, kaki, nyekundu, kila fundo mahali pake, dogo kama tumbo la kupe. Mume wangu aliyagusa moja moja kwa kidole, akiitaja miezi yake bila kukosea. Nilikuwa sijui kwamba amejifunza. Nadhani ndiyo siku pekee nimemwona ana hasira kweli.

"Leta mfuko wako," alisema.

Tulifunga upya siku nzima, pembeni ya kila fundo, vitambaa vipana kuliko vya kwanza. Niliyopanga iwe mikorosho michache ikawa mikorosho yote iliyo kando ya njia. Nani alikata, najua, na sikumpeleka kwa mwenyekiti. Nilitaka apite pale kila siku akienda shambani kwake, aone.

Sitaki kudanganya kwamba mambo yalinyooka. Msimu uliofuata mvua ilinyesha katikati ya maua, mvua ambayo kwa kawaida haina kazi huku wakati ule, ikaangusha maua yangu na ya kila mtu. Vitambaa havikuizuia. Vuno lilikuwa dogo. Shemeji alisema, "Unaona," nami nikamwambia naona, na mwaka uliofuata nikafunga tena. Baadhi ya wateja walirudi, maana shule hazisubiri. Jirani yangu tunasalimiana, si zaidi. Siku hizi kuna watu wanaopita kibarazani kuuliza kama nimeshafunga mwaka huu, kabla hawajachanganya salfa. Wanauliza wakiangalia pembeni, kama watu waliopita kwa shughuli nyingine. Nawajibu kwa sauti, mtaa usikie.

Juni iliyopita nilishuka Lupaso, nilikozaliwa, kumwona dada yangu aliyekuwa anaumwa mgongo. Alipopata nafuu tulitembea mpaka kwenye mikorosho ya marehemu baba. Huko chini Masasi joto ni tofauti na la huku juu, na mmoja ulikuwa umeshafungua maua wakati yangu ilikuwa bado. Nikafungua mkoba, nikatoa kipande cha bluu.

"Usifanye hivyo, mdogo wangu," dada alisema. "Mimi ndiye ninayebaki hapa. Watu watasema."

"Watasema. Ukitaka nisifunge, sifungi. Mti ni wako."

Aliweka mkono mmoja kiunoni, akatazama kuelekea nyumba za jirani. Kulikuwa na mwanamke anaanika mihogo, ameacha kazi yake anatuangalia.

Dada akanyoosha mkono. "Lete," alisema. "Nifunge mwenyewe, ili wakisema waseme kitu nilichofanya."