Jiwe la Kusagia Lililorudi Kilimani

Mimi ni mtu wa miguu. Hapa Mbarara, ninapotengeneza baiskeli kando ya barabara, majirani wanajua kwamba Jumapili baada ya ibada hawatanikuta nyumbani, nitakuwa juu ya kilima fulani nikipigwa na upepo. Nimepanda karibu kila kilima kinachoonekana kutoka mjini, na nikiulizwa ninafuata nini huko, nasema ni alama za watu wa kale. Lakini safari ninayoisimulia hapa haikuwa ya kujifurahisha. Nilitumwa na baba yangu, na alipokwisha kunituma akafariki.

Aliniita kitandani nyumbani kwetu, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, akangoja mama atoke kwenda kuchota maji.

"Papa," akasema, maana ndivyo wazee wetu wa Kongo wanavyowaita watoto wao wa kiume, "ile jiwe ya mama yako nilisema niliiokota ku njia. Haikuwa ku njia. Niliitoa juu ya kilima, fasi kuko mawe mingi yenye kupangwa. Siku ingine nikapita tena, nikaona mama moja anafagia ile fasi. Nikanyamaza. Uirudishe."

Jiwe lenyewe ni la kusagia, lenye shimo refu katikati, na uzito wake ni kama wa jerikeni iliyojaa. Mama alilisagia mtama na muhogo mkavu kwa miaka kumi na mmoja. Alilipenda kwa sababu lake mwenyewe, alilorithi kwa mama yake, lilibaki mlangoni kwetu Fizi, Kongo, siku tuliyokimbia. Na hilo hakulisahau hata siku moja. Kila akiombea chakula alimaliza kwa maneno yaleyale: "Na ule aliiba jiwe yangu, mukono yake ikauke." Sisi watoto tuliitikia amina haraka ili ugali usipoe. Tulikua na laana hiyo kama watu wengine wanavyokua na wimbo.

Baada ya matanga nilimweleza mama aliyoyasema baba. Alisaga unga wa mwisho, akauweka, akaliosha jiwe kwa maji mawili. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuulizia pikipiki.

"Pikipiki hapana," akasema. "Baba yako aliileta na muguu. Wewe pia utairudisha na muguu."

Siku ya kwanza, asubuhi, alinifungia jiwe mgongoni kwa namna anayoijua yeye: kamba chini ya mzigo, na mkanda wa kitambaa juu ya paji la uso. Kwetu hivyo ndivyo wanawake wanavyobeba kuni na muhogo kutoka shamba. Mwanamume habebi hivyo, na akibeba anatafuta kuchekwa. Nilimwambia nitaliweka begani. Akaukaza mkanda na kunigeuza nielekee njia.

Nilichekwa, basi, kuanzia hatua ya mia ya kwanza. Sokoni mtu aliniuliza nimeolewa wapi. Nikamjibu kwamba shingo ni yangu, nikaendelea. Hasira ilinisaidia kutembea kwa saa nzima.

Kabla ya jua kukaza nilipita Kabazana, kwenye kituo wanapopokelewa wageni wapya kabla ya kugawiwa viwanja. Malori yalikuwa yamekuja. Watu walikaa juu ya mabunda yao wakingoja kuitwa majina, na mama mmoja hakuwa na bunda, alikuwa na sufuria tu ameikumbatia. Aliutazama mkanda kwenye paji langu la uso, na yeye hakucheka. Sisi pia tulikaa pale, mahali palepale, na sikumbuki tulikuwa tumekumbatia nini. Niliharakisha nisije nikakumbuka.

Mchana nilifika kwenye rasi ya ziwa Nakivale, alama ya kwanza aliyoniachia baba. Ni ulimi wa nchi kavu unaoingia majini, huku na huku mafunjo, na kwenye ncha yake kuna mawe meusi ambapo mtu akisimama anaona maji pande tatu. Viboko walikuwa wamelala karibu na ukingo, wakipumua kwa kelele. Nikiwa na mgongo mwepesi ningekaa pale mpaka jioni. Nilitua mzigo, nikatembea mpaka ncha, nikatazama upande wa pili, na huko nikaviona vilima viwili vilivyopangana. Baba alikuwa amesema ni cha pili.

Karibu na rasi hiyo anaishi Zakaria, Mrundi, mkulima mwenzake baba. Zamani walikuwa wakitafuta pamoja mashamba ya kukodi kwa Wanyankole, wenyeji wa hapa. Alinipokea kwa uji wa mtama, akaniombea rozari yake ya rambirambi, ndipo akalitazama jiwe.

"Nalijua hilo," akasema. "Siku ile tulikuwa wawili. Nikamwambia, Mzee, acha, pale watu wamelipanga. Yeye akanijibu, hapa watu walikimbia kama sisi, na kwetu saa hii kuna mtu anakula katika sahani zetu."

"Akalibeba?"

"Akalibeba. Alisema mke wake anasaga unga kwa chupa. Mimi nikanyamaza. Ningesema nini? Na mimi niliacha sahani Burundi."

Nililala kwa Zakaria. Nililifikiria kosa la baba, na kusema kweli sikuona kama ni kosa. Angelifanya Mkongo yeyote niliyemjua. Kule tulikotoka, nyumba isiyo na mtu ni nyumba ya waliokimbia, na kitu kisicho na mtu karibu yake kimekwisha kuagwa. Hatukuwa tumewahi kuishi mahali ambapo kitu kinaweza kukaa nje, peke yake, juu ya kilima, na bado kikawa na mwenyewe.

Siku ya pili, mapema, nilipanda kilima cha kwanza, ingawa nilijua si chenyewe. Huo ni ugonjwa wangu: siwezi kukizunguka kilima bila kukipanda. Nilivuna nilichostahili. Juu kulikuwa na nyasi fupi, duara la miiba la kulaza ng'ombe, na ng'ombe wenyewe wenye pembe ndefu wakinitazama. Lakini kutoka pale nilikiona cha pili vizuri. Mgongo wake haukuwa laini. Ulikuwa na tuta linalozunguka, lililofunikwa na nyasi, na ndani ya tuta vilima vidogo ambavyo mvua haiwezi kuvitengeneza. Miaka yote nilikuwa nikitafuta vitu kama hivyo Jumapili baada ya Jumapili, na baba alikijua kimoja akanificha.

Alasiri nikafika. Shingo ilikuwa imekufa ganzi. Nilipita katikati ya migomba, nikakata nyasi, nikavuka handaki la kale lililojaa vichaka, nikawa ndani. Udongo hapo ni wa kijivu, laini kama majivu, na kila hatua mguu unakanyaga kigae cha chungu kilichochorwa mistari. Wenyeji wanasema mfalme wao mmoja wa zamani alikuwa na makao yake hapo, na udongo ule ni samadi ya ng'ombe zake. Upande wa mashariki palikuwa pamefagiliwa. Mawe ya kusagia yalipangwa mstari mmoja, yote yameinamia upande mmoja, na katikati ya mstari, badala ya jiwe, kulikuwa na tofali la kuchoma.

Mwanamke mmoja mtu mzima alikuwa akifagia. Alisimama, akalitazama jiwe kabla ya kunitazama mimi.

"Sebo," akasema, yaani bwana, "hiyo kitu wewe natoa wapi?"

Anaitwa Mama Kembabazi. Marehemu mume wake alikuwa askari wa Makenke, na Kiswahili alijifunza huko kambini, Kiswahili kifupi kisichopoteza neno. Nilijifungua mzigo, nikapiga magoti kama ninavyompigia mama yangu, nikaeleza yote, bila kumsitiri baba. Aliniacha nimalize.

"Hapa ni wanawake wa kwa mzee wangu, bwana yangu," akasema akionyesha mstari kwa ufagio. "Mwanamke akikufa, jiwe yake ya kusaga bulo, ile ulezi, inakuja kukaa kwa kichwa yake, kwa kaburi. Hii ni ya mama ya mzee wangu. Aliniozesha yeye."

Nikasema tunaomba msamaha, mimi na mama yangu.

"Ngoja. Bado hujasikia." Alikaa chini, miguu ameinyoosha. "Jiwe ilipotea, mimi nilisema ni shemeji. Alikuwa mtu wa pombe. Nilisema ameuza mama yake kwa pombe. Nilisema mbele ya watu, kanisani. Yeye anaapa, mimi nakataa. Miaka kumi, hapana salamu. Mwaka jana amekufa. Hata maji mimi sikumpelekea."

Nimewahi kuaibika maishani, lakini pale nilitamani handaki lile lingekuwa refu zaidi. Nilikuwa nimekuja na pole za jiwe, na jiwe halikuwa na shida. Baba alipomwona akifagia angeweza kusema sentensi moja. Aliogopa kufukuzwa, labda, au kufungwa. Mkimbizi huogopa hata asipofukuzwa. Lakini kimya chake kilimzika mtu mwingine akiitwa mwizi.

Tulilirudisha pamoja. Yeye aliling'oa tofali, mimi nikateremsha jiwe, nalo likaingia katika nafasi yake kana kwamba udongo ulikuwa umeishikilia. Mama Kembabazi aliingiza kiganja katika shimo la jiwe, akasita.

"Hii haikuwa refu namna hii."

"Mama amesaga miaka kumi na mmoja."

Aliendelea kupapasa. "Anasaga vizuri," akasema. "Hakuvunja ukingo." Kisha akainuka. "Twende."

Tulishuka mpaka nyuma ya migomba, kwenye kaburi lenye msalaba wa mbao. Ni la shemeji yake.

"Mwambie," akasema.

"Alijua Kiswahili?"

"Hapana. Mwambie tu. Mimi sina mdomo wa kumwambia."

Nikamwambia. Nilisema kwa lugha ya kabila letu, kwa kuwa Kiswahili hakukijua. Nilisema baba yangu ndiye aliyechukua, kwamba mke wake alikuwa akisaga kwa chupa, kwamba aliona na akanyamaza. Nilipogeuka Mama Kembabazi alikuwa amejifunika uso kwa kitenge, na alilia muda mrefu. Baadaye alinipa maziwa na karo, ugali wa bulo, tukala.

Siku ya tatu, asubuhi, wakati wa kuagana, aliniuliza kaburi la baba lina alama gani. Nikamwambia bado halina kitu. Alilichukua lile tofali, akalipangusa udongo kwa kiganja, akalifunga mwenyewe katika kamba yangu na kuniwekea mkanda kwenye paji la uso. Alikuwa anajua kuufunga, sijui alijifunzia wapi. Aliniomba jambo moja, nikiandika nisikitaje kilima chake kwa jina, kwa kuwa watu watakuja na majembe. Ndiyo maana sikukitaja.

Nilirudi kwa njia ileile, na nikapitiliza kilima cha kwanza bila kukipanda. Sokoni walinicheka tena, safari hii kwa tofali moja.

Nilichojifunza ni kidogo, na nilikipata kwa kuchelewa. Nilidhani sisi tulioacha kila kitu hatuwezi kumnyang'anya mtu kitu. Tunaweza. Na nimejifunza kwamba mahali pa kale si mahali palipoachwa. Sasa nikifika juu ya kilima nisichokijua, kwanza naangalia kama pamefagiliwa.

Mimi na mama tulilisimamisha tofali kichwani pa kaburi la baba jioni ya siku niliyofika. Nilimsimulia yote pale pale, habari ya shemeji nayo. Aliuliza mara mbili jina la huyo shemeji, na mimi sikuwa nimeliuliza. Kisha tukaenda nyumbani. Alikuwa amepika ugali wa ule unga wa mwisho. Akafumba macho, akaomba kama siku zote, akafika mahali pa laana, akanyamaza. Mimi tayari nilikuwa na amina mdomoni.

"Na ule anasagia ku jiwe yangu," akasema, "asikose unga."