Chai ya Waridi Isiyo na Chumvi

Tangu siku daktari aliposema moyo umechoka, chumvi basi, hakuna chembe iliyopita mdomoni mwa Bi Khatji kwa mkono wa bintiye. Sharti hilo Dilshada alilishika kama watu wanavyoshika saumu. Kopo la chumvi alilifungia kabatini, ufunguo akauvaa shingoni. Mboga, mchuzi na wali vilipikwa chapwa, na yeye mwenyewe akala chapwa, asije akaambiwa anajipendelea.

Alikuwa na miaka hamsini na mbili, mdarizi wa shali, hana mume, ana kaka mmoja huko Jammu ambaye msaada wake ulikuwa simu ya Ijumaa. Kila asubuhi, kabla ya kushika sindano, alimpandishia mama miguu juu ya mito miwili, akampa kidonge cha kutoa maji, kisha akabonyeza muundi wake kwa kidole gumba na kuhesabu. Shimo la kidole lilibaki kwenye nyama kama kwenye kinyunga. Mwanzoni lilijaa kwenye hesabu ya kumi. Majani ya michinari, miti mikubwa ya kwao, yalipokwisha kudondoka, alifika thelathini na shimo bado linamtazama. Miguu ile ilipaswa kupungua kabla ya theluji. Kichochoro chao cha Srinagar kikishaganda, hakuna gari linaloingia, na mtu anayehema kama mama habebwi mgongoni.

Kitu kimoja tu alishindwa kumnyima mama, nacho ni chai. Chai ya kwao huchemshwa saa nzima, hutiwa maziwa na chumvi, na magadi kidogo ndiyo huipa rangi ya waridi. Dilshada aliondoa chumvi. Mama alionja, akakunja uso.

"Hii ni chai, au maji uliyonioshea miguu?"

"Ni chai, Mama. Kunywa."

"Hivi mimi nilizaa binti au nilizaa askari wa gereza?"

Basi, ili angalau macho ya mama yaridhike, Dilshada akaongeza magadi. Kilichokuwa ncha ya kijiko kikawa nusu kijiko, kisha kijiko kizima. Chai ikaiva waridi kama ya harusini, na mama akawa anakunywa vikombe vitano kwa siku. Miguu ikazidi kuvimba, ngozi ikang'aa.

Mtu aliyechoka hutamani sana kumpata mkosaji. Wa kwanza alikuwa Mukhti, jirani, rafiki wa mama kwa miaka hamsini, aliyekuja kila alasiri na mkate wa moto mkononi.

"Umekuwa polisi wa chumvi, Dilshada," Mukhti alimtania. "Kesho utatupekua mlangoni."

"Mkate wako una chumvi, Bi Mukhti. Ukija, uje mikono mitupu. La sivyo, usije."

Mukhti aliuweka mkate kizingitini, akajitanda ushungi wake, akaondoka. Hakurudi. Na hesabu ya asubuhi ikafika arobaini.

"Mama, chumvi unaitoa wapi?"

"Chumvi gani?"

"Miguu haisemi uongo."

"Naapa kwa kaburi la baba yako, sijaionja."

"Usimwingize baba kwenye uongo wako!"

Akamfunua joho la sufu. Akakitoa kikapu cha makaa kilichompa joto tumboni, akapekua mifuko, akapekua chini ya godoro. Kwenye pembe ya ushungi wa mama akagusa fundo. Mama alilishika kwa mikono miwili. Dilshada alimbandua vidole, kimoja baada ya kingine. Ndani mlikuwa na peremende mbili nyeupe za baraka kutoka ziarani, kwenye kaburi la walii, alizoletewa na Mukhti.

"Nilikuwekea wewe, mwanangu," mama alisema. "Unakula chapwa kwa ajili yangu."

Dilshada alilifunga tena fundo. Hata hapo hakuamini.

Wiki iliyofuata mama alishindwa kulala chali, wakaenda zahanati. Daktari alikuwa mtu wa mtaa wa pili.

"Chumvi?"

"Hata chembe," Dilshada alijibu. Mama aliangalia ukuta.

"Na chai?"

"Anakunywa, ila haina chumvi."

"Rangi yake?"

"Waridi."

"Waridi imeingiaje humo, dada yangu?"

"Magadi," Dilshada alisema. "Kijiko kizima."

"Magadi nayo yana kilekile kilichomo ndani ya chumvi, kinachoshika maji mwilini," daktari alisema. "Acha leo hii."

Ndani ya gari Dilshada alikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Alisema, "Basi, magadi tutaacha."

"Wewe ndiye unayejua," mama akajibu.

Baada ya wiki mbili shimo lilijaa kwenye hesabu ya tano. Theluji ilianguka ikakuta miguu imekwisha kuwa myembamba. Lakini mama alianza kuifunika mwenyewe, na kila aliloulizwa, ale au asile, alale au akae, alijibu kwa maneno yaleyale: wewe ndiye unayejua. Chai ilikuwa imepauka kama maji ya mchele, naye aliinywa bila kuitukana. Dilshada alipanga kuomba radhi, na kumwendea Mukhti. Leo amechoka, kesho kuna theluji. Asubuhi moja birika likiwa bado jikoni, moyo wa mama ulisimama.

Siku hizi akikanda unga, kidole gumba hujizamisha chenyewe kwenye kinyunga, naye hujikuta anahesabu. Akifika arobaini husikia nyuma yake, chumvi gani? Hugeuka kila mara, ingawa anajua.

Mama hakuficha chumvi popote. Kutokuamini kwake kulimgharimu siku thelathini na nane za mwisho za mama yake, tangu siku ya fundo, ambazo mama alizimaliza bila rafiki, na bila kumwita tena mwanangu.