Dubai ilimshinda mke wangu, kijiji kisicho na gari kikamtuliza

Wakuu, salaam aleikum.

Shule niliishia la tatu, kwa hiyo mkiona herufi imelala vibaya, irukeni. Uongo hamtaukuta humu.

Nauza spea za magari Deira, hapa Dubai. Nilianza kwa kubeba injini mgongoni, leo nina duka langu na Land Cruiser yangu. Sikumbebea mtu mkoba.

Mwaka juzi, watoto wameshaoa na kuolewa, nikamleta mke wangu Mama Zuhura kutoka Lamu. Siyo kutembea. Kuishi.

Nikamzungusha mall zote, highway zote. Mwezi haujaisha akaniambia, "Baba Zuhura, nirudishe kwetu."

Nikawaka. "Una AC, una lift, unataka nini tena? Punda?"

"Nataka mtu nimpe salamu aitikie."

Lamu mnaijua, mtu hapiti bila salamu. Huku alikuwa anasalimia lift nzima, watu wanatazama simu zao. Mwisho akaacha kusalimia. Nikamkatia tiketi ya kurudi Lamu kwa hasira.

Basi mteja wangu mmoja wa Oman, nilipomsimulia, akanambia nimpeleke kwanza kwao upande wa Musandam, kuna kijiji cha baharini, barabara haifiki. Nikacheka. Bila gari nitamuuzia nani spea, mbuzi?

Lakini siku ya tiketi ilikuwa inakaribia. Nikampeleka.

Mpakani makaratasi sawa, gari nikaliacha bandarini, boti ya mashine ikatushusha ufukweni.

Wakuu, hakuna honi. Mbuzi wamelala katikati ya njia kama ndio wanaolipa kodi. Milango ya bluu, samaki wameanikwa, mlima umesimama nyuma.

Mama Zuhura, ambaye kuvuka barabara Deira ananishika mpaka kucha zinaingia, akaniachia mkono. Akatangulia.

"Salaam aleikum!"

Mama mmoja mlangoni akaitikia, tena kwa kirefu. Wa pili akaitikia. Wa tatu akamvuta ndani kunywa kahawa.

Nikaingia nitafsiri. Kiarabu changu cha dukani: bei gani, yalla, khalas. Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Toka, nenda kwa wanaume wenzako," mke wangu akasema. "Sisi twaelewana."

Kiarabu chenyewe anajua cha kwenye sala tu!

Nikakaa nje na mbuzi. Nikamsikia anacheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu atue airport.

Kwenye boti ya kurudi nikamuuliza, "Ehe, na tiketi?" Roho iko mkononi, sifichi.

"Iache. Ila nitafutie nyumba ya chini, mlango utazame majirani. Na Ijumaa gari lako lilale."

Tumehamia kichochoro cha Satwa, mtaa wa hapa hapa Dubai. Majirani Wapakistani na Wahabeshi, mwanzo walimshangaa, sasa wanamuwahi wao kwa salamu. Ijumaa tunatembea kwa miguu, mimi mzee wa spea!

Nilichojifunza: nilimleta mke kuishi, nikampa barabara. Alitaka jirani.

Wenye wake waliogomea Dubai, semeni mlifanyaje, nasoma zote. Na vijana mnaoulizia Land Cruiser, siuzi. Ila Ijumaa msinipigie, ufunguo anakaa nao Mama Zuhura.