Siku nilipompakia Tatu kwenye baiskeli

Mpaka leo nikipita karibu na jiko la chuo lazima atokee mtu aniulize, "Zuhura, leo umekuja kwa miguu?" na mimi nacheka, kwa sababu nikinuna ndiyo wanazidi. Aibu niliyoipata pale hata mama sijamsimulia, kwa hiyo na nyinyi mkifika kwetu Salale mnyamaze.

Chuo chetu kiko nje kidogo ya mji wa Kibiti, na sisi wasichana wa mwaka wa kwanza tuna mabweni mawili. Moja lipo bondeni, ubavuni mwa jiko, tunaliita Jikoni: bomba liko mlangoni, madarasa ni hapo tu, lakini moshi unaingia mpaka kwenye mitandio na masufuria yanaanza kugombana kabla ya adhana. Jingine ni Mlimani, na hilo, jamani, msije mkalisema vibaya mbele yangu. Maji unapanda nayo kichwani, darasani ni mwendo, lakini ukifungua dirisha unaingia upepo wenye harufu ya maua ya mikorosho, na mimi niliyekulia kwenye matope ya mikoko, ambako kilima ni kichuguu, nilikuwa nakaa pale dirishani nikiitazama nchi iliyo chini yangu mpaka nachelewa. Bi Mwajuma, mlezi wetu, alikuwa ameshaniambia, "Ukichelewa tena, mwanangu, godoro lako linashuka Jikoni."

Aliyekuwa ananiokoa ni Tatu, binti aliyetoka Mbwara, tuliyelala naye chumba kimoja. Alikuja na baiskeli ya baba yake, ile ya kubebea magunia ya mpunga, na kila asubuhi ananipakia nyuma. Mngemwona: mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika mtandio, anashuka ule mlima huku anawaamkia walimu mmoja mmoja. Nilikuwa nampenda na kumwonea wivu hapo hapo.

Asubuhi hiyo tulitoka tumechelewa (dirisha tena), na sijui shetani gani alinipitia, nikaona haya kupakiwa kila siku kama gunia mbele ya wenzetu wa Jikoni wanaopanga foleni ya uji. Nikamwambia, "Leo nakupakia mimi."

"Unajua?"

"Najua."

(Nilishawahi kuendesha ya mjomba kule Mohoro, uwanjani. Mbele tu. Kona sikuwahi kukata, lakini hilo hakuniuliza.)

Tukashuka vizuri ajabu, mpaka pale chini njia inapogawanyika, kushoto madarasa, kulia jikoni. Sasa mimi tangu mdogo nimeendesha boti ya baba, na kwenye boti ukitaka kwenda kushoto, mpini wa usukani unausukuma kulia. Akili yangu ilijua kwamba hii ni baiskeli, mikono ndiyo haikujua. Tatu akasema, "Kushoto!" nikasukuma kulia, tukaenda kulia, akasema tena, "Kushoto, Zuhura!" nikazidisha, na breki sikuzikumbuka maana boti haina breki, unazima mashine unaiacha iishiwe mwendo yenyewe. Ikaishiwa kwenye sufuria la uji.

Hatukuungua, lilikuwa limeepuliwa zamani, ila uji wote ulimwagika na bweni zima likaingia darasani na njaa. Bi Mwajuma akaja, akanitazama nilivyotapakaa mpaka kwenye kope, akaniuliza kwa upole (na upole wake ndio mbaya), "Kwenu mtu akitaka kwenda kushoto anafanyaje?"

"Anasukuma kulia, bibi."

Foleni nzima ikavunjika mbavu, hata mpishi.

"Basi godoro lishuke leo leo. Na kesho alfajiri utakuja kukoroga uji."

Nililia kwa ajili ya lile dirisha, siwafichi. Jioni nikapanda kufuata godoro langu, sikulikuta. Nikaenda dirishani angalau nipaage, na kule chini njiani nikamwona Tatu, goti limefungwa kitambaa, anaikokota baiskeli taratibu, na nyuma amefunga magodoro mawili.

Nikakimbia mpaka nikamfikia. "La pili la nani?"

"Langu. Nikibaki huko juu nitampakia nani?"

Nikashika godoro kwa nyuma lisianguke. Tangu siku hiyo neno "najua" nimelikoma. Nikiulizwa chochote, hata njia ya msikitini, nasema ngoja kwanza nimuulize Tatu.