Theluji Mbele ya Nyumba ya Msiba

Kwetu, nyumba ikiwa na msiba, uwanja haufagiliwi hadi matanga yaondolewe. Tangu utotoni nilikuwa nikiuliza kwa nini, nikajibiwa, "Ndivyo ilivyo," jibu ambalo chuo kikuu kilinifundisha kulidharau.

Shemeji yangu, mume wa dada, alifariki Uswidi, kipupwe kilipokuwa kikali. Siku ya maziko nilikuwa hapa Guangzhou, mtaa wa Dengfeng, nimejibanza kwenye kibaraza cha duka la simu kukwepa mvua, nikifuatilia kwa video kutoka simu ya dada, pamoja na mama aliyekuwa kwetu nyumbani. Gari la maiti lilikuwa njiani kumpitisha shemeji kwake kwa mara ya mwisho, na theluji ilikuwa imefunika njia ya kokoto kutoka barabarani hadi mlangoni, kina chake magotini. Jirani alikwisha kuja na trekta lenye bapa la chuma la kusukumia theluji. Dada alikuwa amemzuia getini.

"Mama amekataza," aliniambia.

"Mama, ile ni theluji. Si takataka!"

"Inaondolewa na nini?"

"Na chuma."

"Chuma kikwangue uwanja wa msiba, na wewe msomi wangu uniambie si kufagia."

"Basi jeneza lipite wapi? Dirishani?"

Nilijua nimepita mpaka. Mwenye duka alichungulia kuona kama nanunua kitu, nikampungia mkono, nikauliza tena kwa sauti ya chini, "Mama, ukifagia unaharibu nini?"

"Nyayo zake. Pale alipopita mara ya mwisho akiwa hai. Hatumfukuzi mtu kabla hajaagwa."

Ilikuwa mara ya kwanza kunipa sababu. Sikuiamini. Hata hivyo nilimwomba dada amuulize jirani kama chuma chake hushuka hadi chini kabisa.

Kumbe hakishuki. Kikishuka, dada alisema, kokoto zote hurushwa kwenye majani, na theluji ikiyeyuka njia hubaki tope. Jirani huinua bapa, akaacha theluji ya vidole viwili ishikane na kuzifunika kokoto.

"Na mwenzio, mara ya mwisho alipita hapo?" mama aliuliza.

"Alijiendesha mwenyewe kwenda hospitali, mama. Alama za matairi ziko kwenye kokoto. Theluji ilianguka baadaye."

"Basi mwambie aingie. Asiziguse."

Trekta liliingia taratibu. Theluji ikawa inajikunja na kuanguka pembeni. Niliibana simu sikioni, mimi nisiyeamini, nikisikiliza kama kuna jiwe hata moja litakalolia kwenye chuma. Halikulia. Njia ilibaki nyeupe nyuma ya trekta.

Gari la maiti lilipofika, lilipanda hadi mlangoni. Dada aliielekeza simu kwenye jeneza.

"Karibu nyumbani, mwanangu," mama akasema.

Hakuna kati yetu aliyekata simu.