Kalori za Mama Mkwe

Jambo hili nililificha kwa miezi, ila kwa kuwa Kasoli nzima inalijua, bora mlisikie kwangu kuliko kwa wale wanaolitia chumvi: nilimkumbatia mama mkwe wangu hadharani, mchana kweupe, siku ya gulio.

Kazi yangu ni kufundisha mazoezi hapa Bariadi, vikundi vidogo vya watu watano watano, maana wakizidi hapo siwezi kumwangalia kila mmoja. Mwaka jana akina mama wa Kasoli, anakotoka mke wangu Kabula, wakaniomba niwe nawafuata kila Jumamosi. Nikakubali. Kufika uwanjani nikawakuta watano, na wa tano ni mama mkwe (daktari alimwambia apunguze uzito kwa ajili ya presha). Kwetu mkwe humsogelei, mkono humpi, hata njiani unampisha kwa mbali, sasa mimi nisimame nimhesabie kuruka? Lakini kumrudisha nyumbani ingekuwa aibu zaidi, kwa hiyo nikampanga nyuma kabisa.

Mtu akianza kwangu, kwanza napiga hesabu ya kalori anazohitaji kwa siku: uzito, urefu, umri, halafu kazi anayoshinda akiifanya, kwa sababu anayekaa dukani na anayeshika jembe hawawezi kula sawa. Wale wanne niliwapima na kuwauliza vizuri. Kwa mama nikashindwa. Nimwambie apande kwenye mizani mbele yangu? Nikakadiria kwa jicho (tena jicho lenyewe la kuibia), na kwenye kazi nikaandika mtu wa kukaa, maana kila nilipokwenda kwao nilimkuta ametulia kwenye kigoda anachambua mboga. Nikapunguza kidogo ili uzito ushuke, nikabaki na kalori elfu moja na mia mbili. Nikamtuma Kabula amfikishie mama yake: ugali usizidi ngumi, dagaa, mchicha, na viazi na maziwa aache kabisa.

Jumamosi ya tatu iliangukia siku ya gulio. Watu walikuwa wanarudi wakipita kando ya uwanja, wengine wakasimama kututazama, na mimi kuona watazamaji nikajiona mtu mkubwa, nikaongeza mizunguko. Mama akaanza kuachwa nyuma. Mama Shija, jirani yake, akanijia kusema mwenzao amechoka, nikamjibu kitaalamu kwamba mwili huzoea, aendelee tu. Mzunguko uliofuata nikamwona anayumba, miguu haimtii, na aliyekuwa karibu naye kuliko wote ni mimi.

Nikamdaka. Nilimdaka vibaya, tukaenda chini wote wawili, yeye juu ya kifua changu na khanga yake usoni kwangu. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mzee mmoja aliyekuwa anakokota baiskeli aligeuka akatazama upande mwingine, na wenzake wakafanya vivyo hivyo.

Mama Shija akamtoa juu yangu, akamlaza kivulini, akampa soda yenye sukari, na baada ya muda macho yakarudi. Alipoulizwa amekula nini, akasema uji kidogo asubuhi, kisha akapalilia pamba mpaka saa nane. Mimi nikiwa nimesimama mbali, nimejaa vumbi, nikauliza kwa nini hakuniambia kwamba analima.

Alijibu akiangalia pembeni. "Siku unazokuja nyumbani siendi shamba, mkwe, nakusubiri wewe. Hukuniuliza siku nyingine nafanya nini."

"Na njaa je, mama?"

"Mkwe akisema kula kidogo, unambishiaje?"

Kabula alininunia siku mbili, halafu tukapeleka mbuzi kuomba radhi, na hapo ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzoni: Kabula akakaa katikati, mimi nauliza upande huu, mama anajibu upande ule. Hesabu ikapita elfu mbili. Nikarudisha viazi, nikarudisha maziwa.

Tangu siku ile simpangii mtu mazoezi wala chakula kabla hajaniambia ameshindaje, awe mkwe, awe askofu. Mama bado anakuja na bado anasimama nyuma, ila kabla sijapuliza filimbi ananyoosha mkono na kutangaza mbele ya wote kama leo amelima au hajalima. Akisema amelima, napunguza mizunguko na wala sibishi.